Pampu Yenye Njaa

Pampu ya pili nayo iligoma siku ya tatu, na Ambo Upe akarudi kufua kwa ndoo maji yaliyovuja ndani ya jahazi lake huku akimlaani fundi, muuza duka na betri. Nyaya zilikuwa salama, fyuzi nzima. Pampu ilinguruma tu, haivuti hata tone.

"Ana njaa huyo," alisema mama mkwe wake, Becce, akiwa amesimama gatini na sahani ya wali wa kunata. "Mgeni hujamlisha, unamtaka kazi."

"Mama, hiyo ni mashine."

"Na wewe ulipokuja kuposa ulikuwa nani? Tulikulisha kwanza."

Ambo akashuka ngamani, chini kabisa ya chombo, akaifungua pampu. Ndani ya chujio mlikuwa na donge la wali, ndizi na maua. Ndipo alipokumbuka: kila alfajiri Becce huweka sadaka kwenye kitovu cha chombo, pale mkuku, ule uti wa chini wa chombo, ulipotobolewa na kuzibwa siku ya kushushwa majini. Na pampu yeye mwenyewe ndiye aliyeifunga papo hapo, mahali maji yanapokusanyika.

Akasafisha chujio, akaisogeza pampu nyuma kidogo, akaizungushia wavu mwembamba, akawasha. Maji yakaruka nje kwa kishindo, yakamlowesha Becce kuanzia ushungi hadi miguu. Bibi akacheka hadi sahani ikatikisika mkononi.

"Umeziona nguvu hizo?" alisema. "Leo alfajiri nilimwongezea ndizi."