Ini la Mgeni

Sahani ya ini la mbuzi ilipowekwa mbele ya Nathanaeli, yeye alikuwa anajikuna. Alijikuna mikono, shingo, mpaka nyayo ndani ya viatu vyake vya ofisini, na miwani yake myeusi hakuivua hata kwenye kivuli cha ukuta. Watu wa kijiji chao cha Haneti waliona ni mbwembwe za cheo. Mtu wa ofisi za Bunge, mwenye gari la mtumba kutoka Japani, avae nini tena?

"Kula, mwanangu," alisema mama yake, Ruthu. "Hapa ini ni la mgeni, na wewe ndiye uliyemrudishia Kefa uhai."

Kefa, mdogo wake, alikuwa amekaa pembeni, jembe limelala miguuni. Majirani walikuwa wamekuja tangu asubuhi kumlimia shamba lake la uwele, naye mwenye shamba alilima nusu mstari, akashika ubavu, akakaa.

"Huyu India alipelekwa kutibiwa au kufundishwa uvivu?" mjomba wao Matonya alitania, na shamba zima likacheka. Kefa naye akacheka. Nathanaeli alitamani ardhi ipasuke immeze.

Kwa maana aliyekuwa mgonjwa si Kefa. Ini lililokufa lilikuwa la Nathanaeli. Kule India madaktari walimpasua Kefa, mzima wa afya, wakakata kipande cha ini lake wakampandikizia kaka mtu. Walipounganisha mfereji wa nyongo, waliupitishia ndani mrija mwembamba wa plastiki ili mfereji usije ukasinyaa. Wakamwonya: baada ya miezi michache rudi tuutoe, ukikaa sana utaziba. Hakurudi. Ofisini alikuwa anangojea kupandishwa cheo, na nani ampandishe mgonjwa? Tangu siku ya kwanza alikuwa amewaambia watu, ofisini na nyumbani, kwamba mgonjwa ni mdogo wake, yeye alimsindikiza tu. Kefa alipousikia uongo huo alisema tu, "Sema unavyoona, kaka. Muhimu upone." Laiti angegoma! Laiti angetukana, pengine roho ya Nathanaeli ingepata pa kuegemea. Badala yake alisifiwa mpaka kanisani, mama akimwombea kwa sauti, na kila "amina" ya waumini ikimchoma.

Sasa Kefa aliinuka, akaleta birika na beseni kumnawisha kaka yake. Alimimina maji, halafu mkono wake ukasita.

"Kaka, viganja vimekuwa vya manjano."

"Vumbi hilo."

"Si vumbi. Mrija umeziba. Twende hospitali leo hii."

"Wataniuliza nilipasuliwa nini," Nathanaeli alinong'ona. "Mama atajua."

"Basi mwambie ni mimi ninayeumwa tena, tuondoke. Mimi nishazoea."

Aliyasema bila kinyongo, kama mtu anayejitolea kubeba mzigo wa mwenzake mpaka kituoni. Nathanaeli alimtazama usoni, akaitafuta hasira, hakuiona. Alivua miwani, na mama yake akashika mdomo, kwa maana macho ya mwanawe yalikuwa kama kiini cha yai.

Nathanaeli akaisukuma sahani.

"Mama, hili mpe Kefa. Mimi la kwake alishanipa."

Matonya alianza kucheka akidhani ni utani, akakosa wa kucheka naye. Nathanaeli alikuwa anafungua vifungo vya shati. Kovu lilikata tumbo lake kutoka ubavu hadi ubavu. Ruthu alilijua kovu la namna ile. La Kefa alilikanda kwa maji ya moto kwa mikono yake mwenyewe. Alilipapasa hili jipya, akamtazama Kefa aliyeinamisha kichwa, kisha akarudi kwa mkubwa.

"Na miezi yote hii," aliuliza polepole, "nilikuwa namshukuru nani?"

Nathanaeli alipiga magoti mbele yake, ikabidi Kefa amshike kwapani kumwinua, huku mwenyewe akiuma meno kwa maumivu ya ubavu.

"Mama, utamuuliza njiani," alisema Kefa. "Chukua khanga yako, tuondoke."

Walipokuwa wakielekea kwenye gari, hakuna aliyegusa nyama. Mjomba Matonya aliliokota jembe la Kefa, akauendea ule mstari ulioachwa nusu, akaanza kuulima bila kumtazama mtu.