Lebo Zilizobanduka kwa Bwana Unger

Sanduku lilirudi Jumanne asubuhi, theluji bado imeganda juu ya kifuniko chake. Bwana Unger, mwenye karakana, alilibeba mwenyewe mpaka kwenye meza ya Irmgard Seidel, akalifungua kwa bisibisi, akavimwaga vilivyokuwemo kama mtu amwagaye viazi vibovu.

Zilikuwa brashi za kunyolea ndevu, arobaini na kitu. Mipini myeusi iling'aa, na manyoya ya nyegere wa msituni yalikuwa yamechanua vizuri kabisa. Lakini tumboni mwa kila mpini, pale panapokaa lebo ndogo ya dhahabu yenye mchoro wa msonobari na jina la Unger, hapakuwa na kitu.

"Wenye duka wa mjini Leipzig wanasema vinyozi wamewarudishia zote," alisema Bwana Unger. "Wiki mbili za maji ya moto na sabuni, lebo inaelea bakulini. Mtu anakuja kunyolewa, anaondoka na karatasi yangu shavuni."

"Gundi ni ile ile, Bwana Unger."

"Basi mikono siyo ile ile."

Neno hilo lilimwingia Irmgard. Miaka thelathini na minane alikuwa amekaa kwenye dirisha lile lile, kijungu cha gundi kikichemka juu ya maji ya moto mkono wa kushoto, lebo zimepangwa mkono wa kulia, na kipande cha sufu cha kugandamizia mapajani. Gundi ilikuwa ya ngozi na mifupa, alivyofundishwa na Unger mzee, baba yake huyu. Hakuna lebo idumuyo milele, hilo kila mtu bondeni alilijua, kwa sababu maji ya moto kila alfajiri si mchezo. Lakini lebo ya Irmgard ilitarajiwa imwone mwenye brashi akiota mvi. Si wiki mbili.

Bwana Unger hakuwa mtu mbaya. Alivuta kiti, akakaa, akaongea kwa sauti ya chini.

"Wenzetu wa bonde la pili wametengeneza chapa. Chuma kinatiwa motoni, kinagandamizwa kwenye mpini, jina limeingia na halitoki mpaka Kiyama. Mimi sikupenda. Baba alipenda karatasi. Lakini sasa, Bi Seidel, nifanye nini? Jumatatu ubandike brashi kumi na mbili. Saa ya kahawa tuziloweke mbele ya watu wote. Zikishika, tunaendelea kama zamani. Zisiposhika..." Aliangalia dirishani. "Una miaka sitini na moja. Utapumzika."

Alipoondoka, Gotthard, mkerezaji wa mipini, alizima mashine yake akapiga mluzi. Na kule mezani kwake karibu na jiko, Lisbeth Meinel aliendelea kung'arisha mpini kama hakusikia.

Lisbeth alikuwa wifi yake Irmgard, dada wa marehemu mumewe. Ndiye aliyemleta Irmgard kwenye karakana ile alipokuwa bibi harusi mgeni, na tangu siku ile hakuacha kumkumbusha.

"Mimi nilimwambia kaka yangu aoe mwanamke mwenye mikono mikavu," alisema sasa, bila kuinua kichwa. "Lebo na jasho wapi na wapi."

"Kaka yako alinioa kwa sababu ya mabonge yangu ya viazi, wifi."

"Ndiyo maana alikufa mwembamba."

Gotthard alicheka. Irmgard alianza kuzirudisha brashi sandukuni.

Jumatano alichemsha gundi mpya. Akatia siki kidogo, akabandika, akaloweka. Lebo ikaelea. Alhamisi akakumbuka jambo la mafundi wa zamani waliobandika dhahabu kwenye picha za kanisani: kusugua kwanza mahali pale kwa kitunguu saumu. Alikuja na vitunguu viwili mfukoni, akasugua mipini sita. Mpaka saa nne karakana nzima ilikuwa inanuka.

"Bi Seidel," aliita Gotthard, "brashi hizi za leo mteja atanyolea au atakaangia?"

"Wewe kereza."

"Nauliza tu. Maana mke wangu akinisikia na harufu hii atadhani nimekula kwa mwanamke mwingine."

Lebo zikaelea vile vile, zikinuka kitunguu.

Ijumaa Irmgard alichukua brashi moja iliyorudi akaenda nayo nyumbani. Alikaa karibu na dirisha kungali na mwanga, akaukwaruza mpini kwa ukucha wa kidole gumba. Alitazama chini ya ukucha. Palikuwa na kitu cheupe, laini. Akakivingirisha baina ya vidole viwili kikawa kijipira. Akakinusa.

Nta.

Alikwaruza tena mahali pengine. Nta, na chini yake nta. Mpini ulikuwa umevaa nta kama kitumbua kilichovaa sukari. Gundi yake haikupata kuugusa mti hata siku moja, ilikuwa imekaa juu ya mafuta, na maji ya moto yalipokuja mafuta yaliyeyuka na lebo ikaenda zake.

Moyo wake kwanza ulipata nafuu. Mikono ni ile ile! Halafu akakumbuka ni nani atiaye nta, na nafuu ile ikamtoka.

Jumamosi hawakufanya kazi zaidi ya nusu siku, na nusu siku ile Irmgard hakubandika chochote cha maana. Alimtazama wifi yake. Wang'arishaji wote wa bonde lile hutia nta mara moja, hufuta kwa kitambaa, kisha huuinua mpini dirishani wauone mng'ao. Lisbeth hakuuinua dirishani. Aliupitisha kwenye mdomo wake wa chini, polepole, kama mtu aonjaye uji kama umepoa. Alipoona hautelezi kama atakavyo, akatia nta tena. Akaupitisha tena mdomoni. Akatia mara ya tatu. Na kopo la nta alipolitaka hakulitazama, mkono ulitambaa juu ya meza mpaka ukalipata.

Irmgard aliinamia gundi yake. Alijiona mjinga. Meza zao zilitenganishwa na hatua sita, na hakuwa ameona.

Jumapili baada ya kanisa alikwenda kwa Lisbeth, kama Jumapili zote. Walikula viazi vya kuchemsha kwa mtindi mzito na mafuta ya kitani. Lisbeth alimimina kahawa ya shayiri huku ncha ya kidole chake imeingia kikombeni, ajue imefika wapi.

"Wifi," alisema Irmgard, "unatia nta mara ngapi siku hizi?"

"Mara niliyofundishwa."

"Lisbeth."

"Nini? Sema unachotaka kusema, usinizunguke kama paka na samaki."

"Nta ni nyingi. Gundi haishiki juu yake."

Lisbeth aliweka birika chini. "Aha. Kwa hiyo sasa ni mimi. Miaka thelathini na minane unakula mkate niliokuonyesha ulipo, na lebo zako zikianguka, ni mimi."

"Huoni, wifi yangu."

Kuni zililia ndani ya jiko. Lisbeth alifuta meza kwa kiganja, mahali palipokuwa pasafi, akafuta na kufuta.

"Ni ukungu tu," alisema mwisho. "Unakuja na kuondoka."

"Unaondoka lini?"

Lisbeth alisogeza kikombe chake pembeni. Alisema, "Wewe una binti yako kule Zwickau. Una wajukuu wa kukupigia kelele. Mimi Unger akinirudisha nyumbani nitaongea na nani? Na jiko? Ukimwambia, Irmgard, mlango huu usiuvuke tena."

"Sitaki kumwambia. Niache tu nifute ile mipini kumi na mbili kwa spiriti kabla sijabandika. Hakuna atakayejua."

"Spiriti!" Lisbeth alisimama. "Itoke na mabaka, waseme Lisbeth Meinel anang'arisha kama mlevi? Mipini yangu usiiguse. Bandika lebo zako, mimi nitang'arisha mipini yangu. Hiyo ndiyo kazi yetu tangu mwanzo."

Irmgard alirudi nyumbani na njaa, ingawa alikuwa amekula. Usingizi ulikuja kwa vipande. Alijipima. Jina lake lilikuwa zuri, alilipenda, na hakuona kwa nini alitupe kwa sababu ya kiburi cha mtu mwingine. Hapo aliona ni haki aseme. Kisha alimwona Lisbeth peke yake kwenye chumba kile, mikono yake ikifuta meza safi tangu asubuhi mpaka jioni, na haki ile ikapoteza ladha.

Jumatatu aliweka chupa ndogo ya spiriti kwenye mfuko wa aproni, bila kujua kama ataifungua.

Lisbeth alimletea mipini mwenyewe, kumi na miwili kwenye trei, akaiweka mezani. Hawakuamkiana. Irmgard alisubiri mpaka wifi yake amerudi kwenye kiti chake, akachomoa kizibo. Harufu kali ilipanda. Hatua sita kutoka pale, mgongo wa Lisbeth ulikakamaa. Hakugeuka. Kitambaa kilisimama tu mkononi mwake.

Irmgard alikirudisha kizibo. Akachukua brashi yake ya gundi, akapaka, akabandika lebo ya kwanza juu ya nta, akaigandamiza kwa sufu na kuhesabu hadi thelathini, kama alivyofanya maisha yake yote. Akabandika ya pili. Zote kumi na mbili zilikaa sawa, misonobari imesimama wima. Hakuwahi kubandika vizuri zaidi.

Saa ya kahawa Gotthard alileta beseni la maji ya moto. Bwana Unger aliitumbukiza mipini mmoja mmoja, akatoa saa yake ya mfukoni, na wote wanne wakasimama kulizunguka beseni kama watu waliozunguka kitanda cha mgonjwa. Haikuchukua muda. Lebo moja ilijikunja pembeni, ikaachia, ikapanda juu. Ikafuata nyingine. Kahawa haikuwa hata imepoa, na maji yote tayari yalikuwa na madoa ya dhahabu.

Gotthard aliokota moja kwa kidole, akaiweka juu ya ukingo wa beseni.

"Bi Seidel," alisema Bwana Unger, na uso wake ulionyesha kwamba hakuipenda kazi ile. "Una neno?"

Irmgard aliyaona maneno yote yamepanga foleni kinywani. Aliyaacha.

"Gundi ni yangu," alisema. "Lebo nimebandika mimi."

"Hivyo tu?"

"Hivyo tu."

Bwana Unger aliitika kwa kichwa. Alikuwa ameshageuka aende ofisini Lisbeth aliposema, kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika:

"Bwana Unger! Saa ile ya ukutani inasema saa ngapi?"

"Saa kumi na robo. Kwa nini, Bi Meinel?"

"Nauliza kwa sababu mishale yake mimi sijaiona tangu tulipochimba viazi. Saa yenyewe siioni. Naona ukuta una doa." Alikuwa amejishika kwenye ukingo wa beseni. "Sioni mng'ao. Natia nta mpaka mdomo uniambie basi. Huyo," alinyoosha kidole upande wa Irmgard, kikampita kidogo na kumwelekea Gotthard, "alijua tangu juzi, akafunga mdomo kama kasa. Gundi yake haina kosa. Chukua mpini usio na nta yangu ujaribu."

Gotthard hakungoja kuambiwa. Alikwenda kuleta mpini mtupu kutoka kwenye mashine yake, na Irmgard akaubandika lebo. Waliungoja ukauke. Hakuna aliyekaa. Walipoutia majini walikaa nao mpaka maji yakapoa, Gotthard akaongeza mengine ya moto, na lebo haikuinua hata pembe.

"Kesho uje na gundi yako, Bi Seidel," alisema Bwana Unger.

Alikwenda kwenye misumari ya makoti, akalitoa koti lake Lisbeth, akaja akalishika wazi nyuma ya mabega yake avae. Hakuwahi kumshikia koti mfanyakazi. Hivyo ndivyo wageni wanavyofanyiwa wakiaga. Lisbeth aliingiza mkono mmoja, akatafuta tundu la pili, akalipata. Akafunga vifungo vyote mpaka shingoni.

"Nta imebaki kopo moja na nusu," alisema. "Msiiache karibu na jiko."

Walitoka pamoja. Theluji ilikuwa ngumu, inalia chini ya viatu.

"Hukuwa na haja ya kunitetea," alisema Lisbeth.

"Sikukutetea. Nilisema gundi ni yangu. Ni uongo?"

"Wewe uongo huuwezi. Tangu siku uliyosema unapenda supu ya mama yetu."

"Kwa nini umesema, wifi? Nilikuwa nimeshamaliza. Ungebaki pale."

Lisbeth alivuta kamasi kwa baridi. "Ningebaki, ndiyo. Na wewe ungekuja Jumapili, ungekula viazi vyangu, usingesema kitu. Mwaka mzima usingesema kitu. Nakujua." Alitembea hatua chache. "Viazi hivyo nisingeviweza."

Irmgard alimshika mkono juu ya kiwiko, pale barabara inapoanza kuteremka.

"Usinigandamize hivyo. Mimi si lebo yako."

Irmgard alilegeza, lakini hakuachia. Walifika nyumbani kwa Lisbeth, penye ngazi za mawe zilizovaa barafu, na hapo siku zote Lisbeth humsukuma mtu na kupanda mwenyewe. Leo alisimama. Mguu wake ulitangulia, ukagusa jiwe la kwanza, ukarudi.

"Ni ngapi hizi?" aliuliza. "Nimesahau kama tano au sita."

Alikuwa ameishi katika nyumba ile miaka arobaini.

"Sita," alisema Irmgard, akasogea karibu.

"Haya. Hesabu basi, usilale."

"Moja," alisema Irmgard.