Mapigo Kumi na Moja

...laki moja na elfu themanini, na bado ananiambia, "Fundi, punguza sauti, watu wanasikia," wasikie, mimi Obura sijifichi, hapa Nakawa wote wanajua bei yangu ni moja asubuhi na jioni, wasikie kwamba huyu Ogwal, askari wa getini, ameniuzia fimbo ya gofu ya mchezo wa ndani ya simu, ile ndefu ya kupigia mbali, nami nimepiga nayo mara kumi na moja tu ikafa, skrini ikaandika imechakaa, nunua nyingine... imechakaa na nini, haijagonga jiwe, haijanyeshewa, nyasi zenyewe ni picha, lakini upepo wameuweka, mchanga wameuweka, hata ule mlio wa mpira ukipigwa katikati, ta, nilifumba macho nikausikia mkononi, kumbe hata uchovu wameuweka, kila pigo linahesabiwa... fimbo za kweli nimezitengeneza miaka kumi na tano, hakuna aliyenifundisha, kichwa kikilegea natia gundi, mpini ukichanika navisha raba mpya, ipo moja ya daktari mmoja mzee ina miaka arobaini na bado inapiga, hii nimegusa skrini hadi kidole kikauma, hakuna pa kutia gundi... "Alama nyekundu ya uchakavu uliiona, ssebo, bwana wangu," anasema, "mi mwenyewe nilikuonyesha, ukanyamaza," na Jumamosi ndiyo mashindano ya huko mtandaoni, zawadi yake ningelipia kodi ya kibanda, na kodi yenyewe ndiyo niliyompa huyu... alama, ndiyo, niliiona, nyembamba kama uzi, nikasema moyoni huyu hajui kwamba fimbo iliyochoka hutengenezwa, nikamshusha kutoka laki tatu, nikamwambia ni ya mtoto achezee tu, nikaondoka nikicheka peke yangu... mimi, mtu wa bei moja... "Si ulisema ni ya mtoto?" Ogwal anauliza polepole, hana hasira, afadhali angekuwa nayo, Atoo muuza chai ameshika birika hewani hamimini, simu iko mezani inawaka, fimbo inazunguka humo ndani, nzuri kuliko yoyote niliyowahi kushika, imegeuka kijivu, na hata akinirudishia pesa nitaenda nayo wapi, watu hawa wote wameshasikia, "Sema basi, fundi, unataka nini?" na mdomo unafunguka wenyewe, pesa yangu, Ogwal, yote.