Dawa ya Ubavu

Ugonjwa wa mkanda wa jeshi ulipokauka, vipele viliondoka lakini moto ulibaki. Mdogo mtu, fundi wa kuchomelea mageti, hakuweza kuvaa shati. Hata upepo ukimpitia ubavuni aliuma meno. Daktari akampa vidonge, kimoja kila usiku. Taratibu maumivu yakalegea, akarudi kwenye mashine na utani wake.

Siku moja shemeji yake, mke wa kaka yake, akaviona vile vidonge mezani.

"Ndivyo alivyokuwa anakunywa mama yangu alipougua sonona," akamwambia mumewe, bila nia mbaya.

Kesho yake kaka mtu, mwenye karakana, alikuwa ameifungia kabatini kofia ya kuchomelea.

"Wewe shika msasa."

"Kwa kosa gani?"

"Mtu wa dawa za kichwa, dawa za sonona, simpi moto. Hata mteja mwenye geti nimeshamwambia."

Mdogo mtu alitoka na vumbi la chuma mikononi, moja kwa moja mpaka kwa daktari.

"Umenipa dawa ya sonona?"

"Ndiyo. Kwa kipimo kidogo inatuliza mishipa ya fahamu iliyoumizwa na ule mkanda. Inakusaidia?"

"Inanisaidia. Mbona hukuniambia?"

"Wengi nikiwaambia hawanywi."

"Kwa hiyo ukaniweka fungu la wajinga. Sasa mtaa mzima unajua ninachokunywa, mimi ndiye wa mwisho." Akaongeza: "Na mashine, naruhusiwa?"

"Ukiamka huna usingizi wala kizunguzungu, unaruhusiwa."

"Hilo nalo ulilikalia kimya."

Karakanani mdogo mtu alieleza yote, akiwa amesimama wima.

"Sasa mimi ningejuaje?" kaka mtu akalalamika.

"Ungeniuliza. Tunalala nyumba moja."

Shemeji alikuwa mlangoni. "Na mama yangu je, mume wangu? Alikuwa anakunywa vidonge hivyohivyo, na wewe unakula chakula chake unaomba kuongezewa. Alikuwa kichaa?"

Kaka mtu alijikuna shingo. Akafungua kabati, akamnyooshea mdogo wake kofia.

"Haya, shika. Yaishe."

Mdogo mtu hakunyoosha mkono.

"Hayajaisha. Mwenye geti yuko pale nje. Kamwambie ukweli kwanza, kwa mdomo uleule."

Kaka mtu alimtazama usoni akitafuta utani. Hakuuona. Akatoka polepole, kofia ingali mkononi, na mkewe akamfuata ili asikie mwenyewe.