Hodi ya Tatu

Sidi alichagua kiti cha nyuma, kando ya kabati, kama kila Jumamosi. Darasa lao la kisomo cha wanawake watu wazima lilikuwa ghorofani, juu ya duka la vitambaa, Mji wa Kale, na dirisha lake la mbele lilielekea nyumba ambayo Sidi alifanya kazi za ndani. Ndiyo maana hakukaa mbele. Mwenye nyumba hiyo, Bi Jawahir, aliambiwa kwamba saa hizi Sidi yuko sokoni Mwembe Tayari akichagua nazi.

Msichana aliyemtangulia kazini alijifunza kusoma, kisha akaondoka bila kuaga. Tangu hapo Bi Jawahir alikuwa na neno lake: "Akishika kitabu huyo, keshashika njia." Sidi, aliyeacha shule darasa la nne, aliipenda nyumba ile. Jumamosi akirudi amechoka, hukuta sahani yake imefunikwa kawa jikoni, ingali ya moto. Na darasa alilipenda pia. Hakutaka kuambiwa achague.

Siku hiyo walikuwa wakizungumza juu ya mchezo wa kuigiza waliopelekwa kuutazama wiki iliyopita. Ulikuwa mchezo wa wakati wa vita. Fundi cherehani, mkewe na watoto wamejificha askari wasiwaone, nyuma ya ukuta wa duka la mwoka mikate na mkewe, wakitembea miguu mitupu, wakikohoa huku wamejiziba kwa mto wa kulalia.

"Kisa sote tulikiona," alisema Mwalimu Caroline. "Leo niambieni kilichokugusa wewe, katika maisha yako."

Nana, muuza viazi vya karai, alisimama kabla hajaitwa. "Mimi ningewaponza wote, mwalimu. Yule askari agonga mlango, wao kimya! Mimi mtu akipiga hodi, mdomo wajibu wenyewe: karibu!"

"Na ungemwandalia kahawa," mwanafunzi mwenzao Areej alimchokoza.

"Na kaimati juu yake! Mgeni ni mgeni."

Kicheko kilipotulia, Areej alisema yeye aliguswa na wale watoto waliosahau kucheka kwa sauti. Akakaa. Zamu ikamfikia Sidi.

Jambo alikuwa nalo, tena tangu wiki iliyopita. Alitaka kusema kwamba anamjua mke wa fundi, jinsi ngazi ikilia moyo unavyoruka. Lakini angesemaje asiulizwe anajificha asionwe na nani?

"Sina neno, mwalimu," alisema, macho chini.

"Hodi!" Sauti ilitoka ngazini.

Sidi aliijua sauti hiyo kuliko yake mwenyewe. Alijibanza nyuma ya kabati. "Ni Bi Jawahir," alinong'ona. "Tafadhalini, mimi sipo."

"Hodi wenyewe!"

Nana alijiziba mdomo kwa mikono miwili, macho yamemtoka. Mwalimu alisimama na chaki hewani. Ilibaki hodi moja tu. Ya tatu ikikosa jibu, mgeni mstaarabu hurudi alikotoka.

"Hodi, wanangu," ilikuja ya tatu, imechoka, ya mtu mwenye magoti mabovu aliyepanda ngazi kali.

"Karibu!"

Sauti ilitoka nyuma ya kabati. Ilikuwa ya Sidi.

Darasa zima liliangua kicheko. "Na mimi ndiye mlonicheka!" Nana alipiga kelele.

Bi Jawahir aliingia, akashika ukuta, akavuta pumzi. "Masalkheri, wanangu. Sidi, toka huko, leso yako yaonekana." Akamnyooshea ufunguo. "Naenda arusini Kibokoni. Usije ukakaa barazani wangoja."

Sidi aliupokea kwa mikono miwili. "Mama, ulijuaje niko hapa?"

"Nazi gani hizo zachaguliwa alasiri nzima, kisha waja na mbili, na moja mbovu? Na chaki mpaka kwenye nyusi! Nalijua tangu Rajabu."

"Mbona hukusema?"

"Wewe mbona hukusema?"

"Naliogopa utaniondoa."

"Na mimi naliogopa nikikuuliza utaniambia waondoka." Bi Jawahir alimtazama. "Ukishajua kusoma, wataka kwenda?"

Sidi alifikiri. Hakutaka kusema uongo mwingine, hata mdogo. "Sijui, Mama. Lakini siendi bila kuaga."

"Haya, hilo lanitosha. Na nazi zinunuliwe asubuhi. Nimechoka kula mbovu." Akawaaga, akaanza kushuka.

"Sidi," alisema mwalimu, "zamu yako haijapita."

Sidi alisimama, ufunguo mkononi.

"Mimi amenigusa mke wa mwoka mikate. Wao walidhani wamejificha naye hajui. Kumbe alijua siku zote, na kila jioni aliwaachia mkate mlangoni, bado wa moto, asiseme neno. Mimi nina mtu kama huyo. Huniwekea chakula chini ya kawa."

Ngazini, viatu vilivyokuwa vikishuka pole pole vilisimama kusikiliza.