Ukurasa wa Kumi na Nne

Mimi ni karani wa malalamiko katika kiwanda kinachotengeneza misumeno ya meza. Msumeno wetu ukimkata fundi vidole, fomu yake inaishia mezani kwangu. Ina maswali mengi, lakini linalosomwa ni moja tu: je, kava inayofunika diski ya kukatia ilikuwepo? Akijibu hapana, namwandikia barua ya pole, napiga muhuri, yamekwisha. Barua hizo tunaziandika kwa mkono, kwa sababu Meneja anasema inaonyesha utu. Kwa miaka tisa wote wamejibu hapana.

Miaka mitatu iliyopita fundi redio mmoja alituletea breki aliyoibuni mwenyewe. Diski ikigusa nyama tu, breki inaikaba papo hapo. Alituonyesha kwa paja la kuku. Alilisukuma kwenye diski inayozunguka, tukasikia kishindo, diski ikasimama, na paja likatoka na mchubuko wa kubandika plasta. Wafanyakazi walipiga makofi. Meneja, ambaye akigeuka tu tunamwita Tutaona, alikuna kidevu.

"Tutaona," alisema. "Tukiiweka kwenye msumeno mmoja, watu watauliza kwa nini hatukuiweka kwenye yote tuliyouza. Tatizo ni mafundi wanaoondoa kava. Siku nikiletewa fomu moja, moja tu, ya mtu aliyekatwa na kava ikiwepo, breki hiyo nitaifunga kwa mikono yangu mwenyewe."

Fundi redio alirudi tena na kuku wake. Mara ya tatu aliambiwa getini kwamba Meneja yuko kikaoni. Nilimwona kupitia dirisha akiondoka na kifuko chake, na Meneja yuko ofisini anakunywa chai.

Mwezi uliopita alikatwa baba yangu. Vidole vitatu, mkono wa kulia, msumeno wetu. Yule kuku alikuwa na bahati kuliko yeye.

Baba ni seremala tangu sijazaliwa. Ndiye aliyenifundisha kuandika, kwa penseli yake ya kazi, juu ya vipande vya mbao. Herufi ikipinda alikuwa anachukua randa, anaifuta yote, ananirudishia ubao nianze upya. Fomu nilimpelekea mwenyewe. Alikaa kwenye benchi la karakana yake, bandeji imefika kwenye kiwiko, akaijaza kwa mkono wa kushoto huku ametoa ulimi kama mtoto wa darasa la kwanza. Alipofika kwenye swali lile nilimshika mkono.

"Baba, andika ndiyo."

"Lakini niliitoa."

"Najua. Wewe andika ndiyo tu. Breki itawekwa, wenzako wabaki na vidole vyao."

"Nilikuwa nachimba mfereji kwenye ubao, wa kuingizia kitako cha droo. Kava ikiwepo ubao haupiti, na hilo kila fundi analijua." Aliutoa mkono wangu taratibu. "Mwanangu, watu wananiletea kazi kwa sababu nikisema mbao ni kavu, ni kavu. Mkono umeshaharibika. Mdomo niachie."

Akaandika HAPANA, herufi zote zimelala upande. Nilimkasirikia sana, na sijui kama hasira yenyewe imeisha. Kisha akavuta chini ya benchi kitabu cha maelekezo kilichokuja na msumeno, akakipuliza vumbi la mbao, akakifungua ukurasa wa kumi na nne.

"Mimi sikujitungia," alisema. "Soma."

Iliandikwa: unapochimba mfereji, ondoa kava kwanza. Tumeandika sisi wenyewe. Miaka tisa nilikaa juu ya yale mafaili na kitabu chenyewe sikuwahi kukifungua.

Asubuhi niliingia kwa Meneja bila kupiga hodi, nikamwekea fomu ya Baba na kile kitabu.

"Bosi, sisi ndio tunaowaambia waitoe. Wote hawa walifanya tulivyowaambia."

Alisoma. Akavua miwani, akasoma tena kwa karibu. Niliona uso wake umebadilika, nikaamini, mjinga mimi, kwamba ameona haya.

"Dada, umefanya kazi nzuri sana," alisema. "Kitu hiki kingetufikisha pabaya." Alichukua rula, akauchana ukurasa ule bila kuacha hata ncha. "Kwenye toleo jipya ukurasa huu usiwepo. Na huyu mzee mwandikie kama wengine."

"Na breki?"

"Tutaona."

Ningeweza kukataa. Nimejiambia hivyo kila siku tangu siku ile, na haijanisaidia kitu. Nilirudi mezani kwangu, nikaandika, nikapiga muhuri.

Barua nilimpelekea mwenyewe, pamoja na kitabu chake. Alianza na kitabu. Akafunua kwa kidole gumba cha kushoto: kumi na mbili, kumi na tano. Akarudi nyuma, akafunua tena polepole, kisha akakifunga akakirudisha chini ya benchi.

Bahasha ilimshinda kwa mkono mmoja, nikamfungulia. Aliisoma barua hadi mwisho, pale inaposema uchunguzi wetu umeonyesha kwamba mtumiaji aliondoa kava kwa hiari yake. Alipitisha gumba juu ya mistari, mmoja baada ya mwingine, kama anavyokagua ubao uliorandwa.

"Huu mwandiko ni wako," alisema.

"Ndiyo, Baba."

"Hakuna hata herufi moja iliyopinda."