Kura ya Mlinzi wa Lango la Saba

Jumamosi tarehe kumi na nne Juni, saa moja na robo asubuhi, manyunyu yakiwa yameanza kulowesha ngazi za ukumbi, fundi cherehani aliweka mashine yake ya mkono kwenye kona yake ya kila mwaka, kati ya mlango wa choo na meza ya usajili. Hapo ndipo walipopanga foleni wapenzi wa anime, zile katuni za Kijapani, waliopasukiwa na joho, waliong'okewa na mkia, au walioshonewa mabawa na shangazi asiyejua mabawa hukaa wapi. Aliwashonea bure. Tamasha lao la kila mwaka lilianzia katika chumba cha nyuma cha duka lake, watu kumi na tisa mbele ya televisheni moja. Mwaka huu walitarajiwa elfu moja na mia nne, na wote waliamini kwamba tamasha halina mwenyewe, ni lao.

Katiba nayo iliandikwa juu ya meza yake ya kukatia vitambaa. Waanzilishi walikuwa saba. Kwa mapenzi, na kwa mzaha kidogo, sita kati yao walitia sahihi kwa majina ya wahusika wa katuni waliokuwa wakiwaigiza kwa mavazi. Fundi aliandika "Mlinzi wa Lango la Saba", kwa madaha, akamalizia herufi ya mwisho kwa kijimkia. Mmoja tu, karani wa bima aliyekuwa siku hizo akila na kulala kwa fundi kama mdogo wake wa damu, aliandika jina la kwenye kitambulisho. Walimcheka, wakamwambia hana ndoto. Ndiye aliyekuja kuwa mwenyekiti.

Saa mbili kasorobo mwenyekiti aliwaita waanzilishi nyuma ya jukwaa. Kando yake alisimama wakili mwenye mkoba.

"Dada, usinielewe vibaya," alimwambia fundi. "Kuna kampuni inataka kutudhamini, na inataka kushughulika na mtu mmoja. Tunapiga kura tu, tamasha liandikishwe kwa jina langu. Dakika tano, tunafungua milango."

"Basi tupige," alisema fundi. "Sisi sita tunakataa. Hata dakika tano ni nyingi."

Wakili akakohoa. "Mama, kwa mujibu wa katiba, wajumbe ni wale ambao majina yao yako kwenye sahihi. Niliwaandikia wote barua za mwito. Wamefika."

Kweli walikuwa wamefika, wale wahusika sita wenyewe. Waliingia mmoja mmoja, wakionekana wembamba kama karatasi kila walipogeuka upande, nywele zao zikipepea ingawa feni zilikuwa zimezimwa. Mmoja wao mvua ilikuwa imemchuja wino kwenye kiwiko, na bawabu alimkausha kwa karatasi laini. Hawakuwa na vitambulisho. Wakili aliwataka watie sahihi upya, akazilinganisha na zile za kwenye katiba, zikalingana mpaka kile kijimkia. Akasema hana pingamizi, akawaonyesha viti. Hawakukaa, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuwachora wameketi.

Fundi alimtambua mhusika wake, Mlinzi, kwa joho la samawati. Kwanza alikagua pindo, akaona limenyooka. Kisha akatabasamu kama mtu aliyemwona ndugu yake akishuka kwenye treni. Miaka saba alikuwa amemtembeza mtu huyu kwa miguu yake mwenyewe. Mwaka aliofiwa na mumewe, ni ndani ya joho lile tu alipoweza kusimama wima.

"Wanaokubali tamasha liwe la mwenyekiti?" aliuliza wakili.

Mikono mitano ikapanda. Mlinzi wa Lango la Saba alimtazama fundi kwa macho yake makubwa, yenye nyota mbilimbili, kisha akapandisha wa sita.

"We!" Dereva wa lori, mmoja wa waanzilishi, aliyejipaka rangi ya kijani hadi masikioni, alimnyooshea mhusika wake kidole. "Nimenyoa nyusi kwa ajili yako! Mke wangu hajanisemesha tangu Jumatano!"

Mhusika wake akatazama dari. Wakili akagonga muhuri.

"Kona yako utabaki nayo, dada," mwenyekiti alisema, macho yake yakiwa kwenye simu. "Ila kuanzia leo wanaoshonewa watalipa, na kampuni itapanga kiasi."

Milango ilifunguliwa saa tatu kamili. Habari zilizunguka ukumbi kabla ya saa nne. Wengi walimpa fundi pole, wakamshika mkono kwa heshima, wakaenda kupanga foleni ya kupiga picha na wajumbe sita, ambao, wote walikiri, walikuwa wamefanana sana na wale wa kwenye katuni.

Adhuhuri fundi alimkuta Mlinzi peke yake kwenye korido ya stoo.

"Alikuahidi nini?"

"Picha yangu ukuta mzima, barabarani, mwaka mzima. Na vikombe vya chai vyenye sura yangu."

"Mimi nilikupa mwili."

"Siku mbili kwa mwaka. Siku zilizobaki nilining'inia msumarini ndani ya mfuko wa nailoni, nikisikiliza unavyowashonea wengine."

Fundi alikubali kwa kichwa, kwa maana ilikuwa kweli.

"Hata hivyo nakudai," alisema. "Kura moja."

"Sikulipi," alijibu Mlinzi, akageuka upande, akapenya kama karatasi katika mwanya wa mlango uliofungwa.